Susu Mwenye Ufa

Juzi nilipita kwenye kibanda chenu pale Malili nikamkuta mmoja wenu akiziba ufa kwenye mgongo wa kifaru wa mti. Sitamtaja, kwa sababu mama yake tunaimba naye kwaya moja. Alikuwa amechanganya unga wa mbao na gundi, anapaka kwa kidole, kisha anafuta juu kwa kitambaa chenye rangi ya viatu. Alipoona nimesimama akacheka, akaniambia, mzee, hapa hata wewe huwezi kuona. Na kweli sikuona. Nilienda zangu bila kusema kitu, mkafikiri nimenuna kama kawaida yangu. Sikununa. Kazi hiyo niliwahi kuifanya mwenyewe, tena kwa mtu ambaye hakustahili kufanyiwa hivyo. Kaeni basi niwaambie, na huyo wa kifaru asogee karibu.

Nilichonga miaka thelathini na kitu, mingi yake nikiwa Sultan Hamud kando ya barabara ya Mombasa. Tulichonga twiga, swala, vijiko vya saladi, na wale Wamasai wembamba wenye mikuki ambao sijui ni nani aliyewaanza. Na tulichonga sataranji, hii mnayoiita chess. Wageni waliipenda sana. Mfalme, malkia, farasi, askofu, ngome, na askari wadogo mbele yao. Tulikuwa tunachonga kwa kufuata mfano tu, mmoja anachonga farasi wiki nzima, mwingine askari. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua mchezo wenyewe unachezwaje. Mimi nilidhani ni familia ya kifalme ya kuwekwa juu ya kabati.

Ndiyo maana siku moja niliuza sanduku lenye maaskofu watatu upande mmoja na farasi mmoja. Mgeni alirudi kutoka Mombasa baada ya wiki, amechomwa na jua mpaka pua inamenyeka, akafungua sanduku na kunionyesha. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kile cha barabarani kwamba askofu ni mtu mzuri, hata wakiwa watatu si mbaya. Wenzangu walinicheka mwaka mzima. Mpaka nilipopewa ushemasi kuna waliokuwa wakiniita Askofu wa Tatu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kilonzo, mtu wa Kitui, upande wa kule Mutomo. Maneno yake yalikuwa machache, na mengi yalihusu maji. Mpingo alikuwa anaupaka nta kwenye ncha zote mbili, anauzika ndani ya pipa la unga wa mbao, kivulini, na kuuacha mwaka mzima. Ukimwuliza, anakwambia mti bado unakunywa, uache umalize. Alinifundisha kugonga vipande viwili karibu na sikio. Mkavu unalia wazi. Mbichi unalia kama mtu anayejibu akiwa na ugali mdomoni. Nyinyi siku hizi mnanunua mti asubuhi na jioni tayari ni tembo, halafu mnashangaa tembo akipasuka akifika Nairobi.

Sasa, Mwalimu Musau. Alikuwa anafundisha hesabu kwenye shule moja karibu na Mukuyuni. Alikuja kibandani kwetu mwanzoni mwa miaka ya themanini, akishikwa kiwiko na mkewe, Mama Wanza. Alikuwa na presha ya macho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kabisa, na la kushoto lilikuwa linaona kitu kikiwa karibu na pua tu. Daktari alikuwa amemwambia hata hilo lililobaki huenda lisifike mavuno. Alinieleza hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekwambia basi limechelewa, mkewe akiangalia upande wa barabara.

Alitoa karatasi ya daftari. Alikuwa amechora ubao wa sataranji, lakini si wa miraba minane kwa minane. Wake ulikuwa kumi kwa kumi, na kila upande ulikuwa na kete mbili ambazo sikuwa nimewahi kuziona. Niliposhika karatasi nikaanza kuuliza kimo na bei, akanizuia. Alisema hatanipa kazi kabla sijajua kila kete inaendaje. Nikakaa chini. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu yeyote kunieleza nilichokuwa nachonga miaka yote hiyo.

Kete mpya ya kwanza ilikuwa Punda. Anakaa kando ya malkia. Anaenda moja kwa moja, mbele, nyuma au kando, hatua moja mpaka tatu, na haui mtu. Kazi yake ni kubeba. Mwenzake akiwa mgongoni pake, yaani mraba ulio nyuma yake tu, Punda akiondoka anaweza kuondoka naye, wafike pamoja. Lakini akishabeba, zamu inayofuata hasogei, anapumzika. Nikacheka, nikasema huyu ni punda wa ukweli. Mwalimu naye akacheka.

Ya pili ilikuwa Susu, yaani nyanya kwa Kikamba chetu. Anakaa kando ya mfalme. Anatembea hatua moja tu, upande wowote anaotaka. Haui, na hauawi. Na yeyote wa upande wake anayekaa mraba unaogusana na wake, hata kwa pembe, hawezi kuguswa na adui. Nikamwuliza Mwalimu alitoa wapi mawazo haya. Alinijibu, "Mutuku, hii ya kawaida ni vita ya watu wasio na nyumbani. Hakuna anayechota maji, na hakuna nyanya wa kukimbilia."

Wanafunzi walikuwa wakija nyumbani kwake kila Jumamosi kucheza. Aliogopa kwamba macho yakiisha, shule itamwachisha kazi, na vijana wataacha kuja, abaki na redio. Hilo alinieleza Mama Wanza, si yeye. Yeye aliomba mambo mawili tu. Kwanza, kila kete ijulikane kwa vidole, bila macho. Pili, zikamilike kabla jicho la kushoto halijazimika.

"Nikiziona hata mara moja," alisema, "vidole vitakuwa na kitu cha kukumbuka."

Vijana, kuchonga kwa ajili ya vidole ni kazi nyingine kabisa. Yale yote tunayofanyia macho, kung'arisha, kuchora vinyweleo, hayasaidii. Nilikuwa najifunga kitambaa usoni saa nne asubuhi, barabara nzima ikipita, na kupapasa kete kama kipofu. Wauza vitunguu walidhani nimeshikwa na wazimu. Niligundua kwamba farasi wangu na Punda wangu walikuwa kitu kimoja. Nikampa Punda masikio marefu, yakakatika. Nikamchonga tena, masikio yamelala nyuma, mitungi miwili ubavuni, na hapo kidole hakikosei. Chini ya kila kete niliweka kijiti, na kila mraba wa ubao ukapata tundu, ili mkono ukipapasa usiangushe watu. Miraba myeusi niliinua kidogo. Upande wa weusi ulikuwa wa mpingo na upande wa weupe wa muhugu, na kila mweusi nikamkata alama utosini. Susu nilimchonga ameinama, kiondo mgongoni, mkanda wake umepita kwenye paji la uso, vile mama zetu wanabeba. Ukipitisha kidole gumba kutoka kichwani mpaka kiunoni unajua ni nani.

Lakini muda haukutosha. Ujumbe ulikuja kwamba Mwalimu sasa hata sahani haioni vizuri. Nilikuwa nimebakisha Susu mweusi peke yake, na mpingo mkavu ulikuwa umeniishia. Kwenye pipa la Mzee Kilonzo kulikuwa na kipande ambacho hakikuwa kimefikisha hata miezi minne. Nilikigonga karibu na sikio, nikasikia ile sauti ya ugali. Nikajifanya sijasikia, nikakipasua katikati, nusu nikarudisha pipani, nusu nikachonga.

Akatoka Susu mzuri kuliko yule mweupe, hata sasa nasema hivyo. Asubuhi ya kumpeleka nikafungua kitambaa nikakuta ufa, umeanza kwenye mkanda wa kiondo ukateremka mpaka nyonga. Ulikuwa mwembamba, wa kuingiza ukucha. Kuchonga mwingine ni siku nne, na mti mkavu wa kuchongea ungenichukua wiki nyingi kuupata. Basi nikafanya alichofanya huyu wa kifaru. Nikasaga unga wa mpingo, gundi, rangi ya viatu, kitambaa. Nilipomaliza niligeuza na kugeuza, sikuona kitu. Nikafurahi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka, kwamba nilifurahi.

Nikaenda Mukuyuni na sanduku mapajani. Mwalimu alikaa dirishani, akachukua kete moja moja na kuileta karibu na lile jicho, karibu mpaka kope zinagusa mti. Alicheka alipofika kwa Punda. Alipofika kwa Susu mweusi alimsogeza kwenye mwanga wa dirisha. Alimzungusha pole pole, akamwangalia muda mrefu kuliko wote, kisha akamwita mkewe aje aone.

"Mama Wanza, mwangalie. Ni kama mama yangu akirudi kutoka mtoni."

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilitaka kusema. Neno lilikuwa limefika hapa kooni. Nikanywa chai, nikalimeza nayo. Nilijiambia sitaharibu furaha ya mtu, lakini ukweli ni kwamba niliona aibu. Wiki chache baadaye nikasikia jicho la kushoto limezimika.

Mzee Kilonzo hakuniuliza kitu. Ila siku moja nilifika kibandani nikakuta ile nusu niliyorudisha pipani imewekwa juu ya gogo langu la kuchongea. Ilikuwa imepasuka vile vile, kutoka juu mpaka chini. Yeye alikuwa kwenye kona yake anachonga.

Miaka mitatu sikukanyaga Mukuyuni. Nikiwa na safari ya upande huo nazunguka, au namtuma mtu. Najua unga ule wa mbao hukaa vipi. Kiangazi kimoja unakauka, mvua moja unavimba, halafu unatoka kama ugaga. Macho mengine yangeweza kuchukua miaka kuona. Lakini nilikuwa nimemwekea ufa mtu ambaye alikuwa amebakiwa na vidole peke yake. Usahaulifu kama huo, wa kuziba kwa ajili ya macho kitu kitakachoishi mikononi, ni sisi wachongaji tu tunaoweza kuufanya.

Mwishowe Mama Wanza alikuja mwenyewe, amebeba mbaazi za zawadi. Alisema Mwalimu anauliza, Mutuku amepotelea wapi, ama tulimkosea? Niliona afadhali angenitukana. Wakati huo nilikuwa na mpingo wa mwaka na nusu, niliouzika mwenyewe. Nikachonga Susu mweusi mwingine kwa siku nne, nikamgonga, nikampapasa nimefunga macho, nikamwacha mwezi mzima kwenye kabati nione kama atapasuka. Hakupasuka. Nikapanda gari.

Nilimkuta Mwalimu barazani na vijana wawili, ubao uko katikati. Walikuwa wawili tu. Alijua hatua zangu kabla sijasalimu. Vijana walipoenda kumwagilia miche ya mkewe, nikamwambia bila kuzunguka.

"Mwalimu, yule Susu mweusi nilikuletea akiwa na ufa. Nilijua, nikauziba."

Akanyoosha mkono ubaoni. Haukutafuta, ulienda moja kwa moja, ukamtoa Susu kwenye tundu lake. Kidole gumba kikapita kichwani, mkandani, kikaingia kwenye ufa na kuteremka nao. Kizibo changu chote kilikuwa kimeshatoka.

"Huu? Huu nimeujua tangu mvua za kwanza."

"Mbona hukuniita?"

"Uliharakisha kazi ili nione," alisema, "na niliona. Ningekuita nikwambie nini?"

Nililia, vijana, mimi mtu mzima niliyekuwa na watoto wanne. Yeye aliniacha nimalize. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulitegemea. Mchezo wake ulikuwa umemshinda. Wachezaji walikuwa wanamweka mfalme kando ya Susu na kukaa hapo, na kwa kuwa Susu hauawi na anayegusana naye haguswi, hakuna aliyeshinda wala kushindwa. Jumamosi nzima inaisha, watu wanasukuma askari huku na huko wakipiga miayo. Ndiyo sababu wale vijana walikuwa wamebaki wawili. Alifikiria sheria za kila namna na zote hazikufaa, mpaka siku moja alipokuwa amekaa anapapasa ule ufa, kama alivyozoea akiwaza.

Sheria yenyewe ilikuwa hii. Adui anaweza kumpiga Susu mara moja. Anayempiga anatolewa ubaoni hapo hapo, hiyo ndiyo adhabu ya kumpiga nyanya wa watu. Susu anabaki palepale, ila sasa ana ufa. Tangu hapo halindi mtu tena, wengine ndio wanapaswa kumlinda yeye. Akipigwa mara ya pili, upande wake umeshindwa, hata mfalme wao awe salama namna gani. Mwalimu alisema walikuwa wameijaribu wiki tatu, na mechi zilikuwa zinaisha. Shida ilikuwa moja. Susu mweusi alikuwa na ufa tangu mwanzo, na mweupe hana ufa mpaka mwisho, kwa hivyo ilibidi kila mtu akumbuke kichwani ni nani ameshapigwa.

Nikamtoa yule mpya mfukoni, nikamwekea mkononi. Alimpapasa mpaka chini, akasema huyu ni mzima, na ni kazi nzuri. Halafu akasema huyu ndiye ataanza mchezo, na akipigwa, anatolewa na yule wa zamani anaingia mahali pake. Nikaondoka nikiwa nimeagizwa Susu wa nne, mweupe mwenye ufa.

Mkitaka kujua kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, ni hiyo. Nilichora ufa kwa kisu, nikampelekea. Mwalimu akaugusa akasema huu ni mfereji. Nikajaribu kwa patasi nyembamba, akasema huu ni mkunjo wa nguo. Mwishowe nilichukua muhugu mbichi, nikamchonga Susu, nikamweka juu ya bati, juani, saa sita mchana. Mzee Kilonzo, ambaye alikuwa amezeeka na alikuja tu kukaa nasi, alitazama mti ukifanyiwa kinyume na yote aliyonifundisha. Akauliza kama nimepatwa na kitu. Nikamweleza habari yote tangu ile nusu ya pipani. Akainuka na fimbo yake, akaenda kumgeuza Susu kidogo ili jua limpige mgongoni. Alipasuka siku ya tatu.

Vijana walirudi Mukuyuni. Kuna Jumamosi nilikuta watu tisa barazani wakisubiri zamu, na mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa amekuja kuchunguza kama ni kamari, akabaki mpaka jioni kwa sababu Punda wake alikuwa amekwama. Mimi mwenyewe nilijifunza. Mwalimu alinishinda kila mara, isipokuwa moja, na hiyo nadhani aliniachia.

Alifariki miaka ya tisini, baada ya mvua za Novemba. Tulipomaliza mazishi, Mama Wanza aliniita ndani akanipa sanduku. Alisema Mwalimu aliagiza lirudi kwa fundi, kwa sababu fundi ndiye anayejua kila kete inaendaje. Nilifika nalo nyumbani nikalifungua na kuzipanga zote, na nikajifunga kile kitambaa changu cha zamani usoni.

Niliwajua wote. Nilipofika kwa Susu mweusi wa kwanza, nilitafuta ule ufa kwa kidole gumba, kingo zake kali nilizozikumbuka. Hazikuwepo. Miaka yote ile ya kuwaza, kidole cha Mwalimu kilikuwa kimezisugua mpaka zikawa laini, laini kuliko mahali popote nilipowahi kupiga msasa maishani mwangu. Nimekuja nalo hili sanduku leo, liko hapa. Wewe wa kifaru, fumba macho, nipe mkono wako.